Moto Ndio Uliochagua Rangi za Jikoni

Juma hili napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulihesabu kuwa dogo, nalo ni rangi ya vyombo vya jikoni. Ukiingia leo katika maduka ya Katesh, ya Haydom au ya Mbulu mjini utakuta majiko ya gesi yenye uso wa kioo cheusi, chupa za chai nyekundu na za dhahabu, mabeseni ya kila rangi, na masufuria yanayong'aa kiasi cha mtu kujitazama. Mnunuzi husimama, akageuza hiki, akakirudisha, akauliza kama kipo cha kijani. Tunaona ni jambo la kawaida. Lakini kwa muda mrefu sana wa historia ya wilaya hizi mbili, hakuna mama aliyechagua rangi ya chombo chake cha kupikia. Moto ndio uliomchagulia, na rangi yake ilikuwa moja tu: nyeusi.

Wilaya za Mbulu na Hanang', ambazo toka mwaka 2002 zimo katika mkoa wa Manyara na kabla ya hapo zilikuwa za mkoa wa Arusha, ni nchi ya baridi kwa sehemu kubwa. Uwanda wa juu wa Mbulu, huko Kainam na Murray, uko katika kimo kinachokaribia mita 2,000. Nyumba ya kale ya Wairaqw ilichimbwa katika ubavu wa kilima, paa lake la udongo, na watu na ng'ombe walilala chini ya paa hilo moja. Moto uliwaka humo ndani, wa kupikia na wa kuota. Moshi ulitafuta njia yake wenyewe, na ulipoikosa ulibaki. Katika nyumba ya namna hiyo kila kitu kinachokaa juu ya mafiga huwa cheusi, na kila kilicho juu yake darini huwa cheusi pia. Kuuliza rangi ya chungu ingekuwa sawa na kuuliza rangi ya usiku.

Hata hivyo tusidhani kwamba watu wa zamani hawakujali sura ya vyombo vyao. Mfinyanzi alijua anachokitaka. Chungu kilisuguliwa kwa jiwe laini kabla hakijakauka sawasawa, ili uso wake ufunge na maji yasipenye upesi. Wakati wa kuchoma, moto ukipata hewa ya kutosha, chuma kilichomo katika udongo hugeuka na chungu hutoka chekundu. Moto ukifunikwa kwa majani na samadi, moshi huingia katika udongo na chungu hutoka cheusi. Mama aliyekileta chungu kipya nyumbani alikipikia uji mwepesi kwanza, ili wanga uzibe vitundu vidogo. Haya yote yalikuwa ni ung'arishaji wa chombo, ila ulikuwa na kazi. Baada ya majuma machache juu ya mafiga, chekundu na cheusi vilikuwa sawa.

RANGI ILIYOKAA MBALI NA MOTO

Rangi ambayo watu waliichagua kwa hiari yao ilikaa kwenye vyombo visivyopelekwa motoni. Chombo cha kwanza cha aina hiyo ni kibuyu. Kwa Wabarbaig wa Hanang', walio tawi kubwa la Wadatoga, kibuyu cha maziwa ni sehemu ya heshima ya nyumba, na pombe ya asali nayo imekuwa na vibuyu vyake vya sherehe. Kwa nje kibuyu hupata wekundu wa kahawia kwa kushikwashikwa na kupakwa mafuta miaka na miaka. Hufungwa mkanda wa ngozi, na chenye ufa hushonwa, hakitupwi.

Kwa ndani ni habari nyingine. Wafugaji wengi wa Bonde la Ufa husafisha vibuyu vya maziwa kwa kijinga cha moto. Kijiti cha mti uliochaguliwa, mathalani mzeituni mwitu kwa Wamasai, huchomwa mpaka ncha yake iwe kaa jekundu, kisha hukorogwa ndani ya kibuyu. Kibuyu hubaki cheusi ndani, maziwa huchukua harufu ya moshi, na hudumu bila kuharibika upesi. Basi hapa weusi ulitafutwa makusudi, na ulipimwa kwa pua na kwa ulimi kuliko kwa macho.

Kibuyu kinahitaji maziwa, na maziwa yanahitaji malisho. Mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, yalienea mpaka kufikia kiasi cha ekari 100,000 katika nyanda ambazo Wabarbaig walilisha mifugo yao. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1981, wakashinda mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Nalitaja jambo hili kwa sababu tunapoona kibuyu kimeondoka jikoni na mahali pake pameshikwa na kopo la plastiki, wepesi wetu ni kusema kwamba watu wamependa mambo mapya. Wako waliopenda, ni kweli. Lakini wako pia ambao kibuyu chao kilikauka kabla hawajakiacha.

SUFURIA NA KAZI YA KUSUGUA

Sasa tuje kwenye sufuria. Jina lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu, katika neno la shaba, na sufuria za kwanza za pwani zilikuwa za shaba, zikipakwa bati kwa ndani ili chakula kisiharibike. Zilikuwa ghali na nzito. Sufuria nyeupe tunayoijua sisi ni ya alumini, na alumini ni mgeni wa karibuni duniani. Katikati ya karne ya 19 ilikuwa madini ya wafalme. Mwaka 1886 Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa njia yake, waligundua namna ya kuitoa kwa umeme, bei ikaporomoka, na katika muda wa maisha ya mtu mmoja alumini ikatoka katika meza za wafalme ikaingia katika vikapu vya wachuuzi. Mwaka 1960 kilianzishwa Dar es Salaam kiwanda cha Aluminium Africa, ambacho wengi wetu tunakijua zaidi kwa mabati ya kuezekea.

Sufuria ilipopanda mpaka Mbulu na Hanang', kwa maduka ya miji midogo na kwa minada ya mifugo, ilikuwa na sifa ambazo chungu hakina. Haivunjiki. Hupata moto upesi. Ni nyepesi kwa mtu wa kuhama. Vijiji vilipoanzishwa kwa operesheni katika miaka ya 1970, na watu wakatakiwa kubomoa na kwenda kujenga kando ya barabara, mtu alibeba kile ambacho hakitapasuka njiani.

Lakini sufuria ilileta jambo jipya ambalo chungu hakikuwa nalo, yaani aibu. Chungu cheusi ni chungu tu. Sufuria nyeusi ni sufuria chafu. Kwa vile ilinunuliwa ikiwa inang'aa, ilitakiwa iendelee kung'aa, ijapokuwa moto wa kuni haukubadilika hata kidogo. Mwaka 1973 redio yetu iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakusanyika katika vikundi vijijini kusikiliza na kujadiliana, na kwa miaka mingi mabibi afya wamehimiza kila nyumba iwe na kichanja cha kuanikia vyombo juani. Hilo lilikuwa jema, na magonjwa mengi yameepukwa. Ila kichanja kiko uani, nje, mbele ya macho ya wapita njia. Sufuria zilizopangwa juu yake zikawa ni cheti cha mwenye nyumba. Mkwe alizitazama. Majirani walizitazama. Msichana alipimwa kwa kitako cha sufuria.

Ni nani aliyefanya kazi hiyo? Mama na binti, kwa jivu, mchanga, majani magumu, na baadaye stiliwaya. Wengine walibuni njia ya kupunguza kazi: wakapaka tope au jivu lililoloweshwa chini ya sufuria kabla ya kuiteka motoni, ili masizi yashike tope, na tope liondoke kwa maji. Huo ni ufundi, nao unastahili kuandikwa katika historia kama tunavyoandika habari za jembe la kukokotwa na ng'ombe.

Na hapa fizikia ya jikoni inatuambia jambo la kuchekesha kidogo. Kitako cheusi hupokea joto la makaa vizuri kuliko kitako kinachong'aa, na ubavu unaong'aa hupoteza joto kidogo kuliko ubavu mweusi. Masizi yakiwa mazito mno huwa kama blanketi na huzuia joto, kwa hiyo kuyapunguza kuna faida. Lakini kukisugua kitako mpaka kiwe kioo, kwa ajili ya mapishi yenyewe, hakukuwa na faida yoyote. Ilikuwa ni kazi ya kumfurahisha mpita njia.

MAUA YALIYOLETWA NA RELI

Kama sufuria ilishindana na moto, viko vyombo vilivyokwepa mashindano hayo. Navyo ni vile vya bati lililopakwa rangi, ambavyo wataalamu huviita vya enameli: sahani, bakuli, vikombe, mabirika na mabeseni. Enameli ni unga wa kioo unaoyeyushwa juu ya chuma katika tanuri lenye joto la nyuzi kiasi cha 800, na rangi zake hutokana na madini. Buluu iliyoiva, kwa mfano, ni ya kobalti, na kobalti hiyohiyo husaidia kioo kishikamane na chuma. Vya kwanza kuonekana na watu wengi vilikuwa vyeupe vyenye ukingo wa buluu, na mahali pake hasa palikuwa hospitali na misheni. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kinorwe, ilifunguliwa mwaka 1955. Katika hospitali za enzi hizo nyeupe ilikuwa na maana yake: uchafu usiwe na mahali pa kujificha.

Kisha yakaja maua. Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia mwaka 1970 mpaka 1975 na ikakabidhiwa mwaka 1976. Watu wengi wanajua kwamba China ilitukopesha fedha bila riba. Walio wachache wanajua jinsi gharama za hapa nchini, kama vile mishahara ya wafanyakazi wetu, zilivyolipwa. Sehemu kubwa ilipatikana kwa kuuza bidhaa za China katika maduka ya Tanzania na Zambia: China ilileta bidhaa, serikali zetu ziliuza, na shilingi zilizopatikana zilikwenda kwenye reli. Ndiyo maana katika miaka hiyo maduka ya umma yalijaa nguo, vyombo vya bati vyenye maua, na chupa za chai zenye picha za waridi na ndege. Reli haikupita karibu na mlima Hanang' wala karibu na ziwa Tlawi. Lakini mama aliyenunua sinia la Kichina lenye ua jekundu, akiwa huko Dongobesh au Endasak, alitia shilingi zake katika madaraja ya Mlimba.

Tuangalie vyombo hivyo vilikaa wapi. Havikukaa mafigani. Vilipangwa juu ya rafu au kabatini, vikafunikwa kitambaa cha kufuma, na kutolewa mgeni alipofika. Kwa maneno mengine vilichukua mahali pa kibuyu cha heshima. Rangi iliendelea kukaa palepale ilipokuwa tangu zamani, kwa mgeni na mbali na moto.

Baadaye kukawa na ukame wa bidhaa. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga maduka mengi ya watu binafsi, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimaliza fedha za kigeni, na mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi. Nyakati hizo aliyeuliza rangi dukani alichekwa. Ulichukua kilichokuwepo, kama kilikuwepo. Bakuli lililochubuka lilizibwa tundu na fundi likaendelea na kazi. Kuanzia mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na katika enzi ya Mzee Mwinyi milango ikafunguka zaidi. Plastiki za rangi kali zikaingia, na kwa mara ya kwanza kijana wa kijijini aliweza kusimama mbele ya mabeseni matano na kuchagua moja.

WENZETU NA RANGI ZAO

Huenda msikilizaji akadhani kwamba mambo haya ni ya watu wa kuni tu. La hasha. Nchini Marekani na Ulaya jiko la makaa ya mawe lilikuwa jeusi, na kila juma lilipakwa dawa nyeusi likasuguliwa. Gesi na umeme vilipoondoa masizi, jiko likageuka jeupe. Katika miaka ya 1920 na 1930 majiko na majokofu meupe yalisifiwa kwa usafi, kama yale mabeseni ya hospitali. Miaka ya 1950 viwanda vya Marekani vikaleta waridi, manjano na samawati. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaja kijani ya parachichi na manjano ya mavuno, na miaka 15 baadaye watu haohao waliona haya kuwa nazo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 kila mwenye uwezo alitaka chuma kisichoshika kutu, kinachong'aa kama sufuria iliyosuguliwa na binti wa Kainam.

Somo ni nini? Kwa wenzetu masizi yalitoka kwanza, ndipo rangi ikaja. Na ilipokuja, wenye viwanda waligundua kwamba jokofu halichakai upesi, ila rangi yake inaweza kuchakaa machoni pa watu. Wakauza rangi. Kwetu mpango umekuwa kinyume: rangi zimefika dukani kabla masizi hayajatoka nyumbani.

TUULIZE MOTO KWANZA

Ndiyo maana naona historia hii ina faida kwa anayekwenda dukani leo. Mwezi Mei mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha kwamba kufikia mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 watumie nishati hiyo. Mitungi ya gesi imekwisha kuonekana vijijini, kila kampuni na rangi yake. Lakini katika nyumba nyingi mtungi ni wa chai ya asubuhi na wa mgeni, na ugali na maharage bado ni vya kuni. Tazama, mtungi nao umekwenda kukaa mahali pa kibuyu.

Basi anayenunua chombo aulize kwanza moto wake. Kama ni kuni, sufuria nene yenye kitako kipana ina maana kuliko ile yenye rangi nyekundu ubavuni, ambayo baada ya mwezi itakuwa nyeusi. Sufuria zilizopakwa dawa ili chakula kisishike hazitaki mwiko wa ugali wala mchanga wa kusugulia. Chombo cha enameli kilichochubuka ndani kisipikiwe tena. Na zile sufuria zinazosubiwa mitaani kwa mabaki ya injini na vyuma mchanganyiko, zisichaguliwe kwa mng'aro wake, kwani watafiti waliozipima katika nchi kadhaa za Afrika na Asia kati ya miaka 2014 na 2017 walikuta nyingi zikitoa madini ya risasi katika chakula. Risasi haina rangi wala ladha, na huumiza zaidi watoto. Vyakula vyenye uchachu, kama nyanya na ukwaju, huichokoa zaidi.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 2023 na asubuhi yake, mvua kubwa iliporomosha tope na mawe kutoka mlima Hanang' juu ya Katesh na vijiji jirani, wenzetu zaidi ya 80 wakapoteza maisha, na nyumba nyingi zikaondoka na kila kilichokuwamo. Walionusurika walianza jiko upya. Aliyeanza upya kwa namna hiyo anajua mpango wa mahitaji kuliko mtangazaji yeyote wa biashara: moto, sufuria, maji, sahani. Rangi hufuata baadaye, nayo si dhambi. Mtu aliyepata ua jekundu katika sahani yake baada ya msiba amepata kitu.

Neno langu la mwisho ni hili. Masizi tuliyoyasugua kwenye vitako vya sufuria kwa miaka zaidi ya 50 yalikuwa ni sehemu ndogo tu ya yale yaliyotoka motoni. Mengine yalikwenda darini, na mengine yaliingia katika vifua vya mama na watoto waliokaa karibu na mafiga. Yale ya sufuria tuliyaona, tukayaonea aibu, tukawapa mabinti kazi ya kuyaondoa. Yale ya kifuani hatukuyaanika kichanjani, kwa hiyo hakuna mpita njia aliyeyasema. Baba mwenye nyumba anayekwenda mnadani mwezi huu kuuza mbuzi, na aliyekwisha kuagizwa alete sufuria ing'aayo, na aulize pia bei ya dirisha, ya bomba la kutolea moshi, au ya jiko linalokula kuni chache. Akishapata hayo, mama naye atakuwa na nafasi ya kuchagua rangi aitakayo, na rangi hiyo itadumu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.